Kabla ya simiti, karatasi

Mwezi wa Rajab mama yangu mzazi aliwasili Muhoroni kutoka Lamu akiwa na sanduku moja, mswala wake na kikapu cha maembe. Alikuja kututazama kwa muda wa wiki mbili, na safari hiyo ilikuwa na maana yake. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye, alikuwa katika matayarisho ya kumfuata mumewe Maskat, na katika ukoo ilikwisha kukubaliwa ya kwamba mwezi wa Ramadhani usiandame ila mama awe amehamia kwangu. Basi alikuja kuiona nyumba atakayokaa.

Wengi wa wasomaji wa pwani waijua Muhoroni kwa jina tu, kama moja ya stesheni za njiani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa kabla ya kufika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Mji wenyewe ni mdogo, nao umelala chini ya milima ya Nandi. Miwa imeuzunguka pande zote, na kiwanda cha sukari kimekuwapo tangu miaka ya 1960. Mimi nililetwa huku na kazi ya ualimu, nikazoea, nikajenga. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sebule, kuta za matofali ya kuchoma na mabati juu. Choo na bafu viko nje, mwisho wa uwanja.

Siku mama alipofika nilikuwa tayari na mpango wa kuitengeneza nyumba hiyo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeweka akiba kidogo kidogo hata zikatimia shilingi 180,000. Baada ya Idd wageni walikuwa waje kumposa binti yangu mkubwa, nami nilitaka wakute sebule yenye dari nyeupe ya jasi, sakafu ya vigae inayong'aa, na rangi mpya kutani. Orodha niliiandika mwenyewe kwa hati nzuri, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Kila nilipoifungua moyo wangu ulifurahi.

Siku ya nne ya kukaa kwake mama, mke wangu aliniita kando jikoni. "Baba, umeona?" akaniuliza. "Mama hanywi maji baada ya Alasiri. Chai ya Magharibi hukigusa kikombe tu, akakirudisha."

Nilidhani labda ni hali ya uzee, au maji ya huku yamemshinda. Baada ya Isha nikamwendea, nikamwuliza kwa adabu. Kwanza alicheka. Kisha akasema: "Mwanangu, kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni ni hatua arubaini na moja. Nimezihesabu. Usiku ni giza, na mvua ikinyesha pana utelezi. Vijana wa jirani nao huketi pale uani mpaka usiku. Mimi sitapita mbele za wanaume na kopo mkononi, kwa umri wangu huu. Nisipokunywa, sina haja ya kwenda."

Ndugu msomaji, nilirudi chumbani sina la kusema. Mwanamke aliyenizaa alikuwa akijinyima maji nyumbani mwangu, na mfukoni nina orodha ya vigae. Tena Ramadhani ilikuwa yaja. Mtu asiyekunywa mchana kwa ajili ya saumu, na usiku asinywe kwa ajili ya hatua arubaini na moja, ataishi vipi?

Usiku ule ule nikaichukua orodha, nikaigeuza, na nyuma yake nikaandika swali moja tu: Nani anakuja kukaa?

Busara ya nyumba za kwetu

Asubuhi yake nilichukua karatasi ya katoni na rula ya shule, nikachora nyumba yangu kama ilivyo, kila futi kwa kipimo chake. Nikamwekea mama mbele. Nilitaka aniambie choo kiwe wapi. Badala yake akaanza kunieleza nyumba aliyozaliwa.

Leo mji mkongwe wa Lamu wajulikana ulimwenguni. Tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wageni huja wakapiga picha milango ya nakshi na safu za zidaka. Lakini mama hakuanza na mlango wala na zidaka. Alianza na mtu anayebisha hodi. Mgeni hupokewa dakani, akakaa barazani kivulini. Akiruhusiwa ndani hupita tekani, na tekani imepindwa makusudi, ili mlango ukifunguliwa macho ya mpita njia yagonge ukuta, yasifike kiwandani walipo wenye nyumba. Choo kimo ndani, hakuna mwanamke anayetoka nje usiku. Kando yake pana birika la maji ya tohara, na katika birika hufugwa visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu.

"Na vyumba je, mbona vyembamba?" nikamwuliza, ingawa jibu nalijua.

"Kwa sababu ya boriti," akasema. Naam, boriti za mkoko ndizo zilizobeba dari nzito ya mawe na chokaa, na mkoko hauwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda. Kwa hivyo chumba hakikuzidi sana mita mbili u nusu au tatu kwa upana. Mjenzi hakushindana na mti. Aliuliza mti unaweza nini, kisha akapanga maisha ya watu ndani ya kipimo hicho.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo, pamoja na elimu yangu yote, sikuwa nimelifikiri. Sisi tuliotoka pwani tukaja bara aghalabu hutamani kuiga sura ya nyumba za kwetu: mlango wa nakshi, tao juu ya dirisha, kidaka kimoja cha pambo. Busara iliyozipanga twaiacha nyuma. Mimi sina matumbawe hapa Muhoroni wala mkoko, lakini maswali waliyojiuliza wazee wetu nayaweza. Nani anakaa? Nani anapita? Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Mti wa hapa, au udongo wa hapa, unakubali nini?

Udongo una tabia yake

Swali la mwisho nilimpelekea fundi. Ni mtu wa huku huku, makamo, aliyezaliwa katika nchi tambarare ya Kano. Alifika Jumamosi na timazi yake, pimamaji na utepe. Akamwamkia mama kwa heshima, akazunguka nyumba mara mbili bila ya kusema neno. Kisha akasimama penye ufa mrefu ulioko ukuta wa nyuma, akaingiza ncha ya penseli.

"Mwalimu, huu umeuziba mara ngapi?"

"Mara tatu," nikajibu. "Kila mwaka naupiga plasta, kila kiangazi unarudi."

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno ya kweli, lakini fundi alinifundisha ya kwamba Muhoroni hayatoshi. Udongo wetu hapa mwingi ni ule mweusi wa kunata. Ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka mpaka mkono ukaingia. Nyumba iliyokalishwa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka kama mashua bandarini. Ufa uko ukutani, lakini ugonjwa uko chini ya msingi. Mwenye kuziba ufa bila ya kuutazama udongo atanunua simiti maisha yake yote.

Akatafuta sababu. Kwanza, mabati ya upande ule hayakuwa na mfereji, na mvua za jioni za huku, zinazoshuka kwa kishindo kutoka milimani, zilimwaga maji yote kwenye mguu wa ukuta. Pili, hatua chache tu kutoka pembe ya nyumba nilikuwa nimepanda mikaratusi miwili kwa ajili ya kivuli. Mkaratusi hunywa maji mengi, hivyo kiangazi huukausha udongo wa pembe ile kuliko wa pembe nyingine. Upande mmoja wa nyumba unavimba, upande mwingine unasinyaa. Hapo ukuta una budi gani usipasuke?

"Basi ukijenga choo kipya kimegusana na ukuta huu," akasema, "msingi wake usikae juu ya udongo mweusi. Tuchimbe shimo la kujaribu kwanza." Tukachimba. Udongo mweusi uliendelea futi tatu na nusu. Chini yake tukapata murami mgumu. Fundi akaandika kipimo hicho kwenye katoni yangu. Kwetu Lamu mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Huku shimo lile ndilo lililoamua kina cha msingi.

Shauri lake jingine lilikuwa la majira. Pwani tunahesabu kaskazi na kusi, masika na vuli. Huku mvua haina adabu hiyo, yaweza kunyesha karibu kila mwezi. Hata hivyo, tangu Desemba mpaka Februari hupungua, kisha zile kubwa hufungua mwezi wa Machi. Mwenye kuchimba msingi katika udongo mweusi wakati wa mvua kubwa hujitakia mashaka. Kwa hivyo tulikuwa na wiki chache tu.

Kibla na kifutio

Fundi akachora choo kipya: futi tano kwa saba, kimeshikana na nyumba, mlango wake unafungukia ujia mfupi ulio kando ya chumba cha mama. Ni choo cha kumwaga maji, chenye shingo inayobakiza maji kuzuia harufu na nzi. Bomba la inchi nne, lililoinamishwa sawasawa, lapeleka uchafu katika shimo jipya la nje lililojengewa matofali ndani lisiporomoke. Tulipima pia masafa mpaka kisima cha jirani, tukahakikisha hayapungui mita 30, maana haki ya jirani ni pamoja na maji yake.

Nilikuwa karibu kuikubali ramani, mama akaivuta kwake. Akaitazama kwa muda, akaigeuza, akauliza: "Kibla kiko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Lamu kibla ni kaskazini kikielemea kidogo sana magharibi. Hapa Muhoroni, kwa kuwa tumeingia bara, Makka iko kaskazini ikielemea kidogo mashariki. Mama akaweka kidole juu ya mchoro. Kiti cha choo kilikuwa kimeelekezwa kaskazini sawasawa.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelegeza jambo hili ndani ya jengo lililokusudiwa haja hiyo, lakini wote wasema kuepuka ni bora. Na kuepuka kwenyewe kulikuwa na gharama gani? Fundi alichukua kifutio, akageuza kiti kielekee mashariki, akahamisha bomba kidogo, kazi ya dakika tano. Lau tungaligundua baada ya kumwaga zege, ingalikuwa ni nyundo, matofali kuvunjwa, na maneno. Kalamu ina kifutio, bwana, simiti haina.

Mama hakuishia hapo. Alikataa vigae sakafuni, akasema vikilowa huteleza kama pweza. Alitaka sakafu ya simiti iliyokwaruzwa, iinamie tundu la maji, na mlango usiwe na kizingiti cha kumkwaa mguu. Fundi akaongeza chuma cha kushikia ukutani na kiti cha kukalia badala ya kuchuchumaa, kwa sababu ya magoti. Mwisho mama akaomba ukuta mdogo wa kukinga nje ya mlango wa jikoni, uliopishana na mlango wenyewe, ili vijana wa uani wasione ndani. Fundi akashangaa, hajapata kuona ukuta wa namna hiyo. Mimi nikacheka. Ilikuwa ni tekani, imefika Muhoroni bila ya mtu kuiita.

Mbu hawapigi hodi

Jambo la mwisho lilikuwa chumba cha kulala. Huku ukanda wa ziwa malaria haitoki mwaka mzima, na mwaka uliopita kitinda mimba wangu alilazwa mara mbili. Tangu Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 ya kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, tumejua adui ni nani. Lakini mlango anaopitia wengi wetu hatuujui. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na katika nyumba kama yangu njia yake kubwa ni ule uwazi ulioachwa baina ya kichwa cha ukuta na mabati. Mimi nilikuwa nikifunga madirisha Magharibi na kuacha uwazi ule wazi maisha yote.

Kuziba kila mahali kwa simiti si dawa, kwa kuwa mabati hupika na nyumba yahitaji kupumua. Wavu mwembamba wafaa, kwenye uwazi na kwenye madirisha. Tena kuna dari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika eneo la mashamba ya mpunga huku magharibi mwa Kenya, ulijaribu dari za mikeka ya mafunjo, yale mafunjo yanayoota kandokando ya ziwa. Katika nyumba zilizotiwa mikeka hiyo mbu wa malaria walipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Mikeka huuzwa huku kwa bei isiyokaribia bei ya jasi. Yataka tu iwe mbali na moto wa jikoni, na chandarua kisiachwe.

Mama aliposikia habari ya mikeka alifurahi. Kusuka ukili ni kazi aliyoifanya tangu utoto, na dari ya mkeka haikumwonekea unyonge hata kidogo. Akauliza tu kama pipa letu la maji ya mvua lina kifuniko, maana, alisema, "hamna samaki humo."

Orodha mpya

Basi tukaandika orodha upya, watu wanne mezani: mama, mke wangu, fundi na mimi. Karibu theluthi mbili za fedha zikaenda katika choo, shimo lake, msingi wake na ule ukuta wa kukinga. Zilizobakia zikagawanywa kwa mfereji wa mabati, njia ya simiti kuzunguka nyumba ili maji yasisimame mguuni pa ukuta, wavu, na mikeka ya vyumba vitatu. Fungu moja katika kumi tuliliweka kando wala hatukuliandikia jina, kwa kuwa hakuna fundi aliyepata kuchimba ardhi asikute asilolitazamia. Mikaratusi ilihukumiwa kukatwa. Jasi, vigae na rangi vikafutwa.

Jambo hilo la kufuta lilinipa uzito kwa ajili ya binti yangu. Siku ya posa ni siku yake, na sebule ndiyo uso wa nyumba. Nilimwita, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, wakija watu wakahesabu vigae kabla ya kunihesabu mimi, si afadhali tuwajue mapema?"

Mama akamkumbatia. Kisha akamtazama fundi, akamwuliza kama huku chokaa yapatikana. Fundi akasema mbona Koru si mbali, na huko jiwe la chokaa huchimbwa na kuchomwa. Uso wa mama ukang'aa. Kwao chokaa ilichomwa kwa matumbawe juu ya rundo la magogo, nayo ndiyo iliyoupa mji ule weupe wake. Akasema sebule ipakwe chokaa, mikono mitatu, kila mkono uachwe ukauke. Gharama yake haikufika hata sehemu ya kumi ya rangi niliyokusudia.

Kazi ilichukua siku ishirini na mbili. Mvua ilituharibia siku mbili, na shimo lilitupa jiwe kubwa lililokula nusu ya lile fungu lisilo na jina. Ufa wa nyuma bado hatujauziba. Fundi amesema tuungoje mvua na kiangazi kimoja, tuone kama udongo umetulia, ndipo tuupige plasta. Mara hii nimekubali kungoja.

Twajua sote dini yetu yachukia israfu. Kwa kawaida twafikiri israfu ni kutumia fedha nyingi. Mimi nimejifunza ya kwamba hata shilingi chache ni israfu zikitumika kumpendeza mgeni wa siku moja, na aliye ndani akabaki na dhiki yake. Ewe unayekusudia kuitengeneza nyumba yako, hata ikiwa ni chumba kimoja, usianze dukani. Keti na walio nyumbani, hasa yule asiyelalamika. Mtazame anavyotembea usiku, anaposhika ukuta, anachojinyima. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mama alihamia siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Usiku wa kwanza wa tarawehe, tuliporudi, nilimkuta sebuleni ameegemea ukuta ulio mweupe, na doa la chokaa begani. Akamwita mjukuu wake. "Nipe maji, mwanangu," akasema. "Nijazie."